Jamhuri Yapokea Isale

Wakili Araba Quansah Swai alikuwa na sifa moja iliyomtangulia katika kila ofisi ya Serikali aliyohamishiwa: hapokei kitu. Hapokei bahasha, hapokei kuku, hapokei soda hata kama imeshafunguliwa. Kwa hiyo wazee watatu kutoka Machame walipoingia ofisini kwake mjini Moshi, asubuhi ya Jumatatu moja mwaka 2001, na mkungu wa ndizi na chupa mbili za maziwa, alisimama, akawaamkia kwa heshima zote, kisha akawaeleza kwamba vitu vile virudi vilikotoka.

"Shikamooni, wazazi wangu. Ndizi sipokei."

"Marahaba, Mama Elisifa. Ni ndizi tu, mwanangu. Hata mtu wa Serikali si anakula?"

"Anakula za kwake, baba."

Aliyetangulia alikuwa Mzee Ndelilio, jirani wa wakwe zake, ua kwa ua. Wiki mbili kabla ya hapo aling'oa mibuni sitini iliyopandwa na marehemu baba yake, akapanda nyanya, maana bei ya kahawa ilikuwa imeshuka mpaka kilo yake hainunui kilo ya sukari. Tatizo ni kwamba kung'oa mbuni bila kibali cha maandishi ni kosa. Bwana shamba alimshtaki, polisi wakafungua jalada, na jalada likapita meza hii na meza ile mpaka likatua kwa Wakili Araba, Kaimu Mwanasheria Mfawidhi wa Serikali, ili aseme kama mzee apelekwe mahakamani au aachwe na nyanya zake.

"Na kama mmekuja kwa ajili ya lile jalada," Araba aliendelea, "nisameheni. Siruhusiwi kulizungumza na ninyi."

"Hatukuja kuzungumza jalada," Ndelilio alisema. Alipenyeza mkono ndani ya koti, akatoa jani refu, bichi, limefungwa fundo katikati. Akalishika kwa mikono miwili na kuinama. "Tumekuja kukupa hili tu, Mama Elisifa."

Araba alilitazama. Halikuwa na thamani ya hata senti moja. Kanuni za utumishi wa umma, ambazo alizijua kuliko alivyozijua nyimbo za kanisani, hazikutaja majani. Tena alikuwa ameshaanza kujisikia vibaya. Wazee wametoka mbali, amewakatalia ndizi, amewakatalia maziwa, na sasa awakatalie na jani? Akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa kwao. Akasema asante sana. Akamimina maji kwenye glasi, akalichomeka humo pembeni ya mafaili, lisinyauke.

Wazee wawili wa nyuma wakatazamana. Ndelilio akafuta jicho la kushoto kwa kiganja.

"Aika," alishukuru. "Aika sana, mwanangu. Mungu akuweke."

Wakatoka haraka haraka, kama watu waliorudishiwa chenji nyingi dukani. Ndizi waliziacha kwa mlinzi, na mlinzi yeye hakuwa na kanuni.

Msomaji wa Kichagga hapa ameshashika kichwa. Asimlaumu Araba kabla ya wakati. Mama huyu alizaliwa Cape Coast, Ghana. Alikuja Dar es Salaam kusomea sheria, akakutana na Eliufoo Swai kwenye foleni ya wali wa chuo, akaolewa, akachukua uraia, akaajiriwa na Serikali. Miaka kumi na mitano alikuwa wakili wa Jamhuri, na wauaji wawili watatu wanamkumbuka vizuri. Lakini Moshi alikuwa na miezi saba tu, na katika miezi hiyo saba hakuna aliyemwambia habari ya lile jani.

Aliyemwambia alikuwa Theodora, katibu muhtasi, mzaliwa wa Kibosho, ambaye asubuhi ile alikwenda hospitali ya Mawenzi kumpelekea uji mgonjwa wake. Alirudi saa nne, akaingia na barua za kusainiwa, akaliona jani, barua zikamponyoka.

"Mama! Hii isale kaileta nani?"

"Isale ndiyo nini?"

"Hii! Hii kwenye glasi! Kaileta nani?"

"Mzee Ndelilio wa Machame. Ni jani zuri. Nimeliona kwenye mipaka ya mashamba ya vihamba kule kwa wakwe, wamelipanda kama ua."

Theodora alikaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama, ndilo la mpakani hilo hilo. Lakini ukilichuma ukalifunga fundo, ukampelekea uliyemkosea, umemwomba msamaha. Na aliyepelekewa hawezi kukataa. Hata kama umemuulia ng'ombe. Hata kama umemtukana mama yake. Akipokea, yamekwisha, hayazungumzwi tena."

"Na akikataa?"

"Hakuna anayekataa. Anayekataa, kosa lote linahamia kwake, na kwa watoto wake."

Araba alicheka. Alicheka kicheko cha mtu aliyesoma, kile kinachoanza vizuri na kuishia hewani. "Theodora, Mzee Ndelilio hakunikosea mimi. Aliikosea Jamhuri."

"Sasa si ndiyo hiyo, mama," Theodora alisema, akiokota barua. "Isale ya Jamhuri wampelekee nani mwingine? Wanamjua nani mwingine?"

Araba alisaini barua zote, hata ile aliyokuwa amepanga kuirudisha kwa makosa. Jani hakulitupa. Alijiambia ni kwa sababu pipa lilikuwa limejaa.

*

Habari ilipanda mlima kwa miguu na ilifika kabla ya gari. Jumapili, baada ya ibada, mnada wa vitu vya sadaka ulikosa wanunuzi. Watu wote walikuwa nje ya kanisa wakiulizana. Ni kweli? Serikali imepokea? Imepokea kwa mikono miwili? Wale wazee wawili mashahidi waliulizwa mara arobaini na mara arobaini walisema kweli: imepokea kwa mikono miwili, imesema asante sana, na imeiweka kwenye maji. Hilo la maji ndilo lililowamaliza. Wachagga wamesameheana kwa isale toka enzi za mababu, lakini hakuna aliyewahi kusikia mtu amesamehe mpaka akamwagilia.

Jumatatu asubuhi mapanga na majembe yalianza kazi. Kama Serikali imesamehe kung'oa kahawa, basi ni ujinga kubaki nayo. Walioanza ni wenye shida kweli, wenye ada za watoto. Wakafuata wenye uchu wa nyanya. Mwisho wakafuata wale wanaofuata wenzao. Baada ya siku kumi bwana shamba alihesabu nyumba thelathini na saba, kisha akaacha kuhesabu, akaenda kukaa kwenye ngazi za ghala la chama cha msingi na daftari lake magotini. Aliyeng'oa mingi kuliko wote, mibuni tisini kwa siku moja na nusu, alikuwa Mzee Ebenezeri Swai, baba mkwe wa Wakili Araba.

Na wiki hiyo hiyo ndiyo Mkaguzi alikuja kutoka makao makuu Dar es Salaam.

Alikuja kumthibitisha. Araba alikuwa amekaimu kiti kile miezi saba, na kukaimu, kwa wasiojua, ni kufanya kazi ya cheo kwa mshahara wa chini yake, huku kila mtu akikuuliza utaondoka lini. Akithibitishwa, angekuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza ofisi ile. Nyumba ya Serikali ingekuwa yake kwa haki, na bintiye Elisifa angemaliza kidato cha nne pale pale bila kuhamishwa. Primus, wakili mwenzake wa chumba cha pili, alikuwa mtu mzuri sana, lakini naye aliitaka nafasi hiyo, na mara mbili Theodora alimkuta akikijaribu kiti cha Mfawidhi kama kinazunguka pande zote.

Mkaguzi alikuwa mtu wa pwani, mpole wa sauti, amevaa viatu vyeupe ambavyo hakuna mtu wa Moshi angevivaa mwezi wa nne. Aliweka mkoba wake mezani, akalitazama jani kwenye glasi, akapanguza miwani.

"Mama Swai, barua yako ya kuthibitishwa nimekuja nayo. Imo humu. Lakini nimeshuka stendi, muuza magazeti ananiambia Serikali imesamehe kahawa. Nimefika nyumba ya wageni, mhudumu ananiambia hivyo hivyo. Nimekwenda kwa Mkuu wa Wilaya. Yeye hakuniambia, yeye alipiga kelele."

"Nilipokea jani, mheshimiwa. Ndizi nilikataa."

"Bora ungepokea ndizi!" Mkaguzi alisema kwa uchungu wa kweli. "Ndizi tungezila, tukakupa onyo la maandishi, yakaisha. Sasa hili jani mimi nalifanyaje? Nalipeleka Dar kwenye bahasha?"

Miaka kumi na mitano hakuna aliyemsemesha hivyo ofisini, na mlango ulikuwa wazi, na chumba cha pili kilikuwa kimya kuliko kawaida.

"Sikiliza, mama," Mkaguzi aliendelea kwa upole. "Jumamosi Mkuu wa Wilaya ameitisha mkutano huko huko juu. Tutakwenda wote. Utamrudishia yule mzee jani lake hadharani, useme Serikali haikusamehe. Ukilirudisha, nakupa barua yako pale pale. Usiporudisha, kiti hiki anakaa Bwana Primus, na wewe unarudi Dar kupanga majalada ya zamani. Sisemi kwa ubaya."

*

Eliufoo, mumewe, alikuwa nyuma ya nyumba anapima pumba. Alikuwa fundi mitambo mpaka kiwanda chao kilipopata mwekezaji, na mwekezaji akakuta mafundi ni wengi. Sasa alifuga kuku wa nyama mia mbili kwenye banda alilolijenga mwenyewe, na watu waliokuja kununua walimwita "mume wa wakili" mbele yake. Alishazoea, au alisema ameshazoea.

Araba alimweleza yote akiwa amesimama na mkoba wake begani.

"Subiri," Eliufoo alisema. "Uliipokea kwa mikono miwili?"

"Miwili."

"Ukaiweka kwenye maji?"

"Isinyauke."

Eliufoo alikaa juu ya debe la pumba, akacheka mpaka kuku wakakimbilia pembeni. "Araba! Hata Mangi na utawala wake wote hajawahi kusamehe kiasi hicho!"

Araba hakucheka. Alikuwa amehoji mashahidi maisha yake yote, na sasa alianza kusikia kitu ndani ya kicheko kile. Kilikuwa kicheko kilichozoea; hakikuwa cha mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza.

"Eliufoo. Nani aliwatuma kwangu?"

"Wazee wenyewe, sijui..."

"Nani?"

Eliufoo aliinuka, akajikung'uta suruali. "Baba," alisema. "Aliniambia Jumapili ile habari ilipoenea, baada ya ibada. Kumbe Ndelilio alitaka kwenda kwa bwana shamba. Baba akamwambia bwana shamba ni mtoto wa Marangu, anaijua isale, atajificha. Nenda kwa mkamwana wangu. Yule..."

"Yule nini?"

"Yule hajui. Atapokea."

Kuku walirudi kwenye vyombo vyao, wakaanza kula. Araba aliuweka mkoba chini, polepole. Ilimuuma, na hakuna haja ya kuificha: ilimuuma kuliko maneno ya Mkaguzi. Miaka kumi na mitano alipanda ule mlima kila Krismasi. Alijifunza kula mtori, alijifunza kunywa mbege bila kukunja uso, alimzaa Elisifa na kumpa jina walilolitaka wao. Na siku walipomhitaji, walimhitaji kwa sababu ni mgeni.

"Na wewe ulipoambiwa ulicheka," alisema.

"Kidogo," Eliufoo alikiri.

"Nikiirudisha Jumamosi?"

"Hawatakufukuza. Hawatakusema. Lakini hakuna atakayekupa mkono, wala Elisifa. Si kwa chuki, ni kwa woga."

"Na nisiporudisha?"

Eliufoo aliwatazama kuku wake mia mbili. "Tunahama nao," alisema.

*

Jumamosi mvua ilipumzika kidogo, lakini matope hayakupumzika. Mkutano uliwekwa mbele ya ghala la chama cha msingi, mahali watu walipozoea kuleta kahawa yao ipimwe. Mkuu wa Wilaya alisema kwa dakika arobaini. Alisema kahawa ni uti wa mgongo. Sauti kutoka nyuma ikauliza kama uti wa mgongo unalipa ada, na askari wakatafuta mwenye sauti bila kumpata. Mkaguzi alikaa kando, viatu vyake vyeupe sasa vya rangi ya chokoleti, mkoba wake magotini. Araba aliuona ule mkoba kila alipogeuka.

Alipoitwa, alisimama na jani mkononi. Lilikuwa bado bichi, maana maji lilipewa. Watu mia tatu walisogea karibu. Mzee Ndelilio alisimamishwa mbele, kofia mkononi. Ilionekana wazi kwamba akirudishiwa ataanguka pale pale. Kwenye benchi la wazee, Ebenezeri alitazama vidole vya miguu yake. Hakuwa na raha, na haikuwa kwa ajili ya Ndelilio peke yake. Alikuwa na mashimo tisini nyumbani.

"Shikamooni, wazee wangu," Araba alisema.

"Marahabaa."

"Mzee Ndelilio, naomba nikuulize maswali machache. Siku ile ulipokuja ofisini, hii isale ulimpa nani?"

"Serikali," Ndelilio alijibu upesi.

"Sawa. Uliponipa ulisemaje? Nakumbuka vizuri, lakini nataka wasikie kwako."

"Nilisema, tumekuja kukupa hili tu, Mama Elisifa."

"Mama nani?"

"Mama Elisifa."

"Mzee wangu, wewe umeishi chini ya Mwingereza, umeishi chini ya Serikali yetu toka bendera ya kwanza. Umewahi kusikia Serikali ina binti anaitwa Elisifa?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama na kikasambaa. Ndelilio mwenyewe alitabasamu kwa woga. "Hapana. Elisifa ni mjukuu wa huyu hapa," alisema, akimwonyesha Ebenezeri.

"Na mikono uliyoiwekea jani ilikuwa ya nani?"

"Ya kwako."

"Serikali ina mikono?"

Ndelilio alifikiri kwa haki kabisa. "Ya kuchukua inayo," alisema. "Ya kupokea, sijawahi kuiona."

Hapo hata askari walicheka. Mkuu wa Wilaya alitaka kusimama. Mkaguzi alimshika mkono wa shati, akamketisha. Alikuwa ameinama mbele, kama mtu mahakamani anayetaka kusikia vizuri.

"Basi nisikilizeni," Araba alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya Mahakama Kuu. "Isale haikupewa Jamhuri. Ilipewa Mama Elisifa, mke wa Eliufoo, mkamwana wa mji ule pale. Mimi ndiye niliyeipokea, kwa mikono yangu. Isale hairudishwi, na mimi siirudishi. Mzee Ndelilio, kama kuna lolote ulilowahi kunikosea, mimi na watoto wangu tumekusamehe na hayazungumzwi tena."

Ndelilio alifunika uso kwa kofia.

"Lakini mibuni haikuwa yangu. Jamhuri hamjaiomba msamaha. Jamhuri haiji na haijibu salamu, na jani hailijui. Inajua mahakama tu, na huko ndiko kila aliyeng'oa atakwenda kujieleza. Ndelilio atakwenda. Na waliong'oa baada yake kwa kusikia maneno ya njiani, nao watakwenda. Wote."

Mguno ulipita kutoka ghalani mpaka barabarani. Palikuwa na watu thelathini na saba na zaidi ambao dakika hiyo walijiona wakiwa na mashimo tu, hawana kahawa wala msamaha. Mzee mmoja wa benchi la mbele, mwenye jicho moja, aligonga fimbo chini.

"Ana haki," alisema. "Isale inamfunga aliyepokea. Haimfungi jirani yake. Hiyo ndiyo mila, jamani. Nani kamfundisha huyu mama?"

"Hakuna aliyenifundisha, baba," Araba alisema. "Ndiyo maana tuko hapa."

Alisema bila ukali, lakini kila mtu aliyekuwa kwenye lile benchi aliyahisi maneno yakimpita na kwenda kutua pale yalipotumwa. Ebenezeri alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa mzee wa kanisa miaka ishirini. Hakuwahi kumwomba radhi mtoto wake yeyote, sembuse mke wa mtoto. Aliinuka, akavuka uwanja wa matope mbele ya watu wote, akaenda mpaka kwenye ua wa kihamba cha jirani. Wakamwona anachagua. Alivunja jani, akalifunga fundo kwa vidole vizito vya baridi yabisi, na ilimchukua muda mrefu kwa sababu halikufungika mara ya kwanza.

Akarudi, akasimama mbele ya mkamwana wake.

"Hili si la Jamhuri," alisema. "Nasema mapema, nisije nikaulizwa maswali. Hili ni lako, Araba."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Siku zote ni Mama Elisifa, na kabla ya hapo ni "yule wa Eliufoo".

"Nilikutumia kwa kuwa hujui," mzee aliendelea. "Mtu humtumia mgeni hivyo. Mtu wa nyumbani humwambia. Sikukwambia."

Araba aliona aibu ya mzee ikimtoka hadharani, akataka kulipokea jani upesi ili yaishe. Lakini alikuwa wakili, na wakili mzuri hapokei kitu kabla hajakisoma.

"Baba, nikilipokea hili, kesi ya mibuni tisini iko pale pale."

"Najua."

"Faini utalipa."

"Najua."

"Na miche mipya utapanda, kama mahakama itaamuru."

"Ah!" Ebenezeri aliinua kichwa. "Hapo sasa unanionea! Kahawa yenyewe wanainunua kwa bei ya mchanga! Muulize huyo Mkuu wa Wilaya kama ana hata mbuni mmoja!"

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko na makofi, na Mkuu wa Wilaya akaandika kitu kwenye karatasi, au alijifanya anaandika. Araba alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukoma mara moja, kwa sababu hayakuwa ya kicheko peke yake. Alilipokea jani kwa mikono miwili. Safari hii alijua anachopokea.

Ndani ya gari, wakishuka, Mkaguzi alikwangua matope ya viatu vyake mpaka lami ilipoanza.

"Nilikwambia urudishe," alisema hatimaye.

"Sikurudisha, mheshimiwa. Nilifafanua."

"Ungerudisha, taarifa yangu ingekuwa mstari mmoja. Sasa itabidi niandike kurasa sita, na sijui kama Dar kuna atakayezielewa." Alifungua mkoba, akatoa barua iliyokunjwa pembe, akampa bila kumtazama. "Na viatu vyangu nani atanilipa?"

*

Majalada ya kahawa yalianza kufika ofisini wiki iliyofuata, yamefungwa kamba kwa mafungu. La kwanza juu ya fungu la kwanza liliandikwa jina la Ebenezeri Swai, miaka sabini na moja, mkulima, mibuni tisini. Wakili Araba, sasa Mwanasheria Mfawidhi bila neno kaimu, alilifungua, akalifunga. Sheria ni wazi: mwanasheria hashughulikii jalada la mtu wake. Alichukua kalamu aandike barua ya kujitoa.

Aliandika kwamba jalada hilo linapelekwa kwa Bwana Primus kwa maamuzi, kwa kuwa mtuhumiwa ni baba wa mume wake. Akaisoma. Ilikuwa sahihi kisheria, haina kosa. Akachora mstari juu ya maneno yale ya mwisho, akaandika mengine juu yake, akampa Theodora akapige chapa.

Theodora alikaa mbele ya mashine yake, akaanza kupiga, akasimama. Akarudi na karatasi mkononi.

"Mama, samahani. Hapa umekata. Inasomeka, 'kwa kuwa mtuhumiwa ni baba yangu.' Niiandike hivi hivi?"

"Hivyo hivyo," Araba alisema. "Na nakala iende makao makuu."